Kinywa cha Eudosia

"Daktari, mke wangu ameacha kunigombeza."

Atilio Mgaya alisema hivyo akiwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, vumbi la mbao bado limemganda kwenye nyusi. Nje ukungu wa Njombe ulikuwa haujainuka ingawa saa tatu ilishapita. Daktari Agripina Mligo alidhani hakusikia vizuri. Katika miaka kumi na minane ya kutibu maambukizi alishaletewa homa, majasho, vidonda vinavyonuka na vikohozi vya kila aina. Lalamiko kama hili hakuwahi kuletewa.

"Karibu ukae, baba. Tangu lini?"

"Leo siku ya tisa."

Mkewe, Eudosia Nyagawa, alikuwa ameegemezwa kwenye kiti cha magurudumu, blanketi limemfika kidevuni. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Kwa miaka ishirini alikuwa mkaguzi wa mbegu za viazi, mwanamke aliyepanda na kushuka vilima vya Makete kwa miguu na aliyeweza kurudisha lori zima kwa sababu ya doa moja. Kisha ukaja ugonjwa unaonyausha neva za misuli. Ulianzia kwenye vidole, ukashika miguu, ukamalizia ulimi. Sasa macho na kope ndivyo pekee vilivyomtii. Kwa mengine yote alikuwa na kinywa.

Kinywa lilikuwa jina la watu. Jina la kampuni lilikuwa refu na hakuna aliyelikumbuka. Kilikuwa kisahani cha metali kilichopachikwa chini ya ngozi, nyuma ya sikio la kushoto, chenye nyuzi nyembamba kuliko unywele zilizoingia pale ubongo unapoandaa maneno. Mgonjwa akikusudia kusema, nyuzi zilisikia, na spika ndogo kwenye mtulinga ikatamka kwa sauti yake mwenyewe, iliyorekodiwa kabla ulimi haujafa. Neno lisiposikika vizuri, kinywa kilijaza pengo kwa kukisia, kama rafiki wa siku nyingi anavyokumalizia sentensi. Nchi nzima walikuwa nacho watu elfu nne.

"Kamwene, mama," Agripina alimsalimu.

"Kamwene, daktari. Tunashukuru kwa kutupokea. Mimi niko vizuri kabisa, ni mume wangu tu ana wasiwasi."

Sauti ilikuwa ya upole, na haikukwama popote.

"Umesikia?" Atilio alisema. "Huyu hajawahi kuniita mume wangu. Ananiita Mgaya. Akikasirika ananiita 'wewe fundi'. Na kukasirika alikuwa anakasirika kila siku, daktari. Blanketi zito, blanketi jepesi, dirisha, mashuka. Leo siku ya tisa kila kitu ni ahsante."

"Anakula?"

"Analishwa kwa mpira wa tumboni kama kawaida. Ila amepungua. Na shingo inatoka jasho."

Agripina alianza kumpima, kuanzia visigino kwenda juu. Mwili wenye afya unapoingiliwa na vijidudu hupiga kelele: hutetemeka, hujikunja, mkono hukimbilia panapouma. Mwili wa Eudosia haukuwa na njia hata moja kati ya hizo. Hata kutetemeka kunahitaji misuli. Mgongo haukuwa na kidonda. Mapafu yalikuwa safi na mkojo pia. Joto lilisoma thelathini na saba na nusu, kiasi ambacho muuguzi yeyote angekipita bila kukiandika.

Alimvisha kidoleni kipimo cha mapigo ya moyo. Themanini na mbili. Akapeleka vidole nyuma ya sikio la kushoto, akapapasa ukingo wa kisahani, kisha akabonyeza chini yake kidogo.

"Hapa panauma, mama?"

"Hapana, daktari. Hapaumi."

Namba iliruka. Tisini na nane. Mia na kumi. Mia na ishirini na moja. Mboni za macho ya Eudosia zilipanuka hadi weusi ukakaribia kufunika macho yote, na chozi likamtiririka shavuni.

"Hapaumi hata kidogo," sauti iliongeza taratibu.

Agripina aliondoa mkono haraka, kana kwamba ameungua.

*

Damu ilionyesha chembe nyeupe zimeongezeka, si sana. Kipimo cha uvimbe kilikuwa juu mara sita. Picha ya kichwa haikusaidia, kwa sababu metali ya kisahani ilitupa kiwi cheupe mahali palepale walipotaka kuona. Ikabidi daktari wa upasuaji, Kaduma, achome sindano kupitia ngozi na kuipenyeza chini ya kisahani. Alivuta nusu ya kijiko cha majimaji yenye rangi ya maji ya mchele. Maabara iliyaotesha. Siku ya nne bakteria waliota, wale wapole wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu bila kumdhuru. Juu ya ngozi hawana neno. Juu ya metali, ndani ya kichwa, hujijengea utando wa ute na kukaa humo, na dawa hupita juu ya utando huo kama mvua juu ya bati.

Agripina alikuwa ameshaanza kumtundikia dripu ya antibiotiki. Alijua haitatosha.

Alijua kwa sababu ya Kasto Lugenge, fundi wa redio wa Ludewa, miaka miwili iliyopita. Yeye pia alikuwa na kinywa, na usaha chini yake. Aliulizwa kama kitolewe. Sauti yake ikajibu vizuri, kwa hoja zilizopangika: hapana, anataka kuzungumza na wajukuu wake hadi mwisho. Agripina aliandika kwenye faili *mgonjwa amekataa upasuaji*, akaweka sahihi. Lugenge alifariki baada ya wiki tano. Walipompasua, ile sehemu ya ubongo inayoandaa maneno ilikuwa usaha mtupu, na mtaalamu wa maiti alisema imekuwa hivyo kwa mwezi mzima au zaidi. Tangu siku hiyo Agripina alikuwa akiamka na swali moja kifuani kama jiwe. Nani aliyekataa?

Hakuwahi kumwambia mtu. Sheria ilikuwa wazi: neno la kinywa ni neno la mgonjwa. Alikuwa amefuata sheria.

Safari hii alimwita Zenobi Msigwa, fundi wa vinywa wa hospitali, kijana mtaratibu aliyependa kazi yake. Alimwomba asome kiwango cha kukisia.

"Hicho madaktari huwa hawakiulizi," Zenobi alisema.

"Mimi nakiuliza."

Zenobi aliunganisha waya wake, akatazama kioo. Kisha akamgeuzia.

"Mwezi uliopita, katika kila maneno kumi, mawili yalikuwa ya kukisia. Hiyo ni kawaida. Wiki mbili zilizopita manne. Siku ile mzee anayosema mkewe alibadilika, saba. Leo tisa."

"Kwa hiyo anayeongea si yeye."

"Neno moja katika kumi ni lake. Lipi, siwezi kukuambia. Huenda ni 'hapana'. Huenda ni 'na'."

"Na huu upole?"

Zenobi alikuna kichwa. "Kinywa kikikosa maneno yake, kinaazima ya watu wengi. Watu wengi ni wapole kuliko huyu mama."

*

Walikutana wodini saa sita mchana: Agripina, Kaduma, Zenobi na Atilio, wamezunguka kitanda cha Eudosia. Agripina alimweleza mgonjwa mwenyewe, si mumewe. Kinywa kikitolewa pamoja na nyuzi zake, dawa zitafanya kazi na atapona. Lakini kovu litakaloachwa halitapokea kinywa kingine. Hatasema tena. Kikiachwa, usaha utaingia ndani zaidi, na baada ya wiki chache utamuua.

"Nimeelewa, daktari," sauti ilisema. "Nakushukuru kwa ukweli wako. Sitaki kitolewe. Nataka kuongea na watu wangu mpaka mwisho."

Kaduma alishusha pumzi. "Amejibu."

"Kimejibu," Agripina alisema.

"Dada Agripina, tusianze. Sheria haitofautishi."

"Nataka kukizima kwa saa moja, nimuulize kwa macho."

"Kumzima mgonjwa kinywa bila ridhaa yake ni sawa na kumziba mtu mdomo. Watakunyang'anya leseni." Kaduma hakuwa mtu mbaya, alikuwa amepunguza sauti kabisa. "Na hata ukimuuliza, utajuaje kwamba akili iko sawa? Kichwa kina usaha. Huenda mashine ndiyo inayokumbuka alivyotaka alipokuwa mzima, na yeye ndiye aliyechanganyikiwa."

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Agripina alimtazama Eudosia. Macho yake yalikuwa yamemkazia yeye, hayapepesi.

"Fundi, nipe sumaku."

Zenobi alitoa mfukoni sumaku bapa wanayotumia mafundi. Agripina aliisogeza nyuma ya sikio.

"Daktari, tafadhali," sauti ilisema, na kwa mara ya kwanza ilikuwa na haraka. "Usinizime. Nina mengi ya kusema. Nakuomba, dak—"

Sumaku iligusa ngozi. Sauti ikakatika, na Atilio akakamata ukingo wa kitanda. Agripina aliibana sumaku kwa plasta.

"Mama, mimi ni Agripina. Ukikubali, tazama juu. Ukikataa, fumba macho. Unanisikia?"

Macho yalikwenda juu.

Alianza na ambayo majibu yake yanajulikana. Jina lako ni Gaudensia? Akafumba. Mtoto wako wa kwanza ni Valeria? Juu. Leo tuko Iringa? Akafumba. Unapitisha mbegu yenye doa jeusi? Alifumba kwa nguvu hadi kope zikakunjamana, na Atilio akatoa kicheko kilichogeuka kikohozi. Agripina aliuliza maswali ishirini, akachanganya, akarudia mengine kwa kuyageuza. Eudosia alikosa moja, tarehe ya siku hiyo, ambayo Agripina mwenyewe ilibidi aitazame ukutani.

"Panauma nyuma ya sikio?"

Juu.

"Haya maneno ya siku hizi, ni yako?"

Akafumba.

Atilio aliandika alfabeti nyuma ya karatasi ya vipimo kwa penseli yake ya useremala. Akawa anapitisha kidole herufi moja baada ya nyingine, na macho ya Eudosia yanaponyanyuka anaandika. Ilikwenda polepole mno. N. I. N. Mara mbili alichoka, wakamsubiri. Kaduma, aliyekuwa amesema ana mgonjwa mwingine, hakuondoka. Ilipotimu dakika ya ishirini na tano Atilio aliisoma karatasi, midomo ikicheza bila sauti, kisha akampa daktari.

NINAPIGA KELELE.

Agripina aliwaza siku tisa za nyumbani na hizi za wodini. Aliwaza zile ahsante zote na niko vizuri, na ndani yake huyu mama akipiga kelele kwa maumivu na kusikia sauti yake mwenyewe ikiwaambia watu waende wakalale. Akamwaza na Lugenge.

"Mama," alisema. "Ulisikia nilivyoeleza. Kitolewe?"

Eudosia hakutazama juu wala hakufumba. Aligeuza macho kwenye karatasi. Atilio akashika penseli. MGAYA ASEME.

"Mimi?" Atilio alirudi nyuma hatua moja. "Mimi niseme nini? Kichwa ni chako."

Macho hayakumwachia.

Mwanamume yule alipiga magoti kando ya kitanda, uso wake ukawa sawa na wa mkewe. "Mama Valeria, nikuambie ukweli. Siku tatu za kwanza nilifurahi. Nilidhani umenihurumia. Nilikuwa nakaa pale kitandani nakusikiliza unaniita mume wangu, nikasema Mungu amenikumbuka." Alijipangusa kwa kofia. "Siku ya nne nikaona macho. Macho hayakuwa yanasema vile. Nikayaona, na sikukuleta. Nilikaa siku tano zaidi. Nilikuwa naogopa nyumba iliyonyamaza. Sasa umeniuliza. Kitolewe. Nitajifunza macho yako."

Eudosia alitazama juu. Alibaki ametazama juu muda mrefu, ili asiwepo mtu wa kusema hakuona.

Agripina alichukua faili. "Nitaandika mimi. Sahihi yangu peke yangu."

"Andika," Kaduma alisema. "Nitapasua kesho asubuhi."

Hadi asubuhi hiyo hakuna aliyethubutu kuiondoa ile sumaku.

*

Upasuaji ulichukua saa tatu. Kaduma alipotoa kisahani, kilikuwa kimevikwa utando wa kijivu unaoteleza, kama ule unaokaa ndani ya bomba la maji machafu. Nyuzi alizitoa moja moja. Eudosia aliendelea na dripu kwa wiki sita. Wiki ya pili mapigo ya moyo yalitulia. Wiki ya tatu alianza kunenepa. Baraza la madaktari lilimpa Agripina onyo la maandishi kwa kumziba mgonjwa kinywa. Aliambiwa ashukuru kwamba haikuwa zaidi. Alipeleka maombi faili la Lugenge lifunguliwe upya. Hayakujibiwa.

Baada ya dripu ya mwisho alikwenda kumwona nyumbani, mtaa uitwao Ramadhani upande wa juu wa mji, alasiri. Eudosia alikuwa dirishani akiota jua, kovu limefunga vizuri, jekundu na kavu. Agripina alimpima, akaridhika. Alikuwa anafunga mkoba aliposikia, kutoka karakana ya mbao upande wa pili wa ukuta, sauti ya mwanamke.

"Pole na kazi, mume wangu. Umekula?"

"Nimekula kidogo," Atilio alijibu. Kisha akacheka.

Agripina alimgeukia Eudosia. Macho ya mama yule yalikuwa dirishani.

Kinywa kilichotolewa, kwa mujibu wa sheria, ni mali ya mgonjwa, na hukabidhiwa familia kikiwa kimesafishwa. Atilio alikuwa amekiunga kwenye betri, maikrofoni na spika. Alipomwona daktari mlangoni alisimama haraka mbele ya meza, kama mtu anayeficha chupa.

"Ni jioni tu, daktari. Na mchana kidogo. Kule ndani sentensi moja ni nusu saa. Simwachi, namgeuza, namlisha, namsomea macho. Ila huyu anajibu."

"Mama Valeria anajua?"

"Anasikia," Atilio alisema, akatazama chini.

Agripina alirudi chumbani peke yake. Ubao wa herufi ulikuwa umetundikwa ukutani, umechongwa vizuri kwa mbao ya msindano. Aliushusha, akapitisha kidole. Eudosia alikuwa amekuwa mwepesi kuliko zamani, lakini neno la kwanza lilimchukua muda.

ANAZOEA.

"Unataka nifanye nini, mama?"

Neno la pili lilikuwa fupi. KIFUTE.

Atilio hakubisha. Alikifunga kwenye kitambaa kwa mikono yote miwili, akampa daktari, akaingia ndani na kuvuta kigoda hadi miguuni pa mkewe. Agripina aliwaacha hapo. Mume alikuwa ameshika ubao magotini bila kujua aanze na swali gani.

*

Kumbukumbu ya sauti haifutwi bila ridhaa ya mwenye sauti, na ridhaa hurekodiwa kwa sauti. Agripina alikuwa na karatasi ya macho, yenye mashahidi wawili. Zenobi aliisoma, akamrudishia.

"Fomu haina nafasi ya macho, daktari. Inataka sauti. Na sauti iko humu tu."

Walitazama kile kisahani juu ya meza, kidogo kama kifuniko cha chupa ya soda. Zenobi aliunga waya wa maikrofoni na spika, akawasha.

"Eudosia Nyagawa, unakubali kumbukumbu zote za sauti hii zifutwe?"

Kinywa hakikujibu. Kile kilichokuwa hakikwami popote kilikaa kimya, na Zenobi akainama kuangalia kama waya umeshika.

"Eudosia yuko wapi?"

Zenobi aliondoa mkono mezani.

"Yuko nyumbani," Agripina alijibu.

"Anaumwa?"

"Hapana. Amepona."

"Mume wake anazungumza naye?"

"Wanajifunza."

Feni ya mashine ya Zenobi ilizunguka. Nje mtu alikuwa anasukuma kitanda cha magurudumu kwenye korido, akapita, akaenda zake.

"Basi nakubali," sauti ilisema.

Zenobi alisoma kioo chake. "Ni kukisia, daktari. Hakina neva ya kusikiliza, kwa hiyo kimekisia mtu angeuliza nini. Ni hivyo tu."

"Najua, fundi."

"Ni hivyo tu," alirudia. Kisha akamsogezea kibonyezo. "Bonyeza wewe."

"Ni kazi yako."

"Ndiyo. Lakini bonyeza wewe."

Agripina alibonyeza. Ilichukua dakika moja na nusu, na muda wote huo wote wawili walisimama, kama watu wanavyosimama gari la maiti likipita. Taa ilipozimika alivuta fomu. Aliandika tarehe, akaandika jina lake kama shahidi. Mahali pa jina la aliyeridhia kalamu ilisimama. Alipaacha wazi. Fomu ilirudishwa kutoka mkoani mara mbili, imezungushiwa wino mwekundu mahali hapo, na mara zote mbili aliipeleka tena vilevile.